Ukuta Uliokuwa na Homa

Mwezi uliopita nilialikwa chakula cha mchana nyumbani kwa rafiki yangu wa kazini, kule Limuru. Sebuleni mwao mna jiko la chuma lenye bomba linalotokeza juu ya paa, na ndani yake kuni zilikuwa zikiwaka tangu asubuhi. Hazikuwa zikipika chochote. Mamake rafiki yangu aliponiona nimelikodolea macho jiko lile, akacheka, akawaambia wanawe, "Msogezeni karibu aone. Huyu ni wa Mombasa. Kwao hakuna aliyewahi kupasha nyumba moto."

Nilicheka nao. Kisha mmoja wao akafungua kimlango cha jiko ili aongeze ukuni, na harufu ikanijia usoni, harufu ya ubao mkavu unaoanza kushika moto kabla haujatoa moshi. Nikaacha kucheka. "Sisi tulipasha," nikasema. "Mji wa Kale. Nyumba nzima tuliuzunguka moto mmoja." Hawakuniamini, na sikuona ubaya. Mimi mwenyewe siamini jambo mpaka niligeuze nilitazame kwa nyuma. Lakini hili nililigusa kwa mkono wangu, na tangu siku ile limekataa kurudi lilikokuwa limelala.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya Bibi, mama wa mamangu, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Rukia. Ni nyumba ya mawe ya matumbawe, ghorofa moja, kwenye kichochoro ambacho hata tuktuk haipiti. Watu huzisifu nyumba hizi kwa ubaridi wao. Wageni huingia, wakapangusa jasho, wakasema ah, hapa kama peponi. Husema hivyo kwa sababu huja wakati wa joto. Wangekuja mvua zikishika na kusi ikianza kuvuma, wangeona mawe yale yanavyokunywa maji na kuta zinavyotoka jasho. Godoro unalilalia kavu na kuamka limenyevuka. Leso iliyoanikwa ndani huweza kukaa juma zima ikisubiri kukauka.

Msimu kama huo ndipo mamangu alipojifungua. Mimi nilikuwa darasa la pili. Nilikuwa nimeahidiwa mtoto shule zikifungwa, naye akaja shule hazijafungwa, nikaona ni utovu wa adabu. Alikuwa mdogo kiasi kwamba kichwa chake kilienea kwenye kiganja cha Baba na nafasi ikabaki. Hakuwa akilia kama watoto wengine, alikuwa akitoa kisauti kama mlango unaohitaji mafuta. Alikaa hospitali kwa muda, na siku walipomruhusu, muuguzi alimpa Mama maagizo mawili. Mtoto akae kifuani pake, ngozi kwa ngozi, ndani ya nguo. Na chumba kiwe na joto wakati wote, kwa sababu mtoto kama yule hajajua kujitengenezea joto lake.

Bibi alikuwa tayari. Kwetu mwanamke aliyetoka kujifungua huitwa mzazi mpaka atimize arobaini, na kumtunza mzazi ni fani. Bibi alikuwa na jina katika fani hiyo. Chumba cha juu alikuwa amekitandika kama cha harusi: samadari yenye nguzo nne, shuka nyeupe zilizofukizwa udi, mito ya hariri, asumini kwenye sahani. Na chini ya kitanda, kama alivyofanyiwa yeye na mamake na mama wa mamake, seredani ya makaa mekundu, ili joto lipande limpate mzazi mgongoni.

Mama alisimama mlangoni, mtoto kifuani, akaitazama seredani.

"Mama, hiyo itoke."

"Itoke iende wapi?"

"Nje. Makaa yanatia sumu kwenye hewa, na madirisha umeyafunga yote. Muuguzi amenikataza."

Bibi alijifunga leso upya kiunoni. Ilikuwa ishara mbaya. "Wewe Khadija nimekuzaa juu ya seredani. Umekufa?"

"Sikufa."

"Basi?"

"Mimi nilizaliwa mkubwa, Mama. Huyu atazame."

Mama alikuwa mwalimu wa sayansi wa shule ya msingi, na Bibi alikuwa Bi Rukia. Hoja ile ya Bibi, mbona hukufa, nimeisikia baadaye hata kwa watu wenye shahada kubwa kuliko yangu, na bado sijui kuijibu vizuri zaidi ya alivyoijibu Mama siku ile. Seredani ikatolewa. Alasiri Bibi akairudisha. Mama akaitoa tena. Baba, ambaye ni Mdigo wa upande wa Kwale na alikuwa karani kwenye godauni moja Shimanzi, aliikuta ngazini ikipandishwa, akakaa kwenye kipandio cha katikati. Kila upande ulipomtaka aseme neno, alijibu, "Mimi mgeni hapa." Alikuwa akiishi nyumba ile tangu kabla sijazaliwa.

Lakini ubaridi ulikuwa kweli. Mama alimfunika mtoto kwa leso tatu na yeye mwenyewe akatetemeka, na muuguzi alikuwa amesema wazi kwamba mama akipata baridi mtoto naye hupata. Miguu ya yule mtoto, Salim, ilikuwa na rangi ambayo sikuipenda. Niliwasikia wakiizungumza kwa sauti ya chini, na sauti ya chini ndiyo iliyonitisha. Nyumba yetu ilikuwa ya watu wa kupiga kelele.

Sasa, mimi nilikuwa mtoto wa kuuliza. Bibi aliniita Bi Kwanini, na hakuwa akinisifu. Katikati ya ugomvi wa seredani nikauliza, "Kwa nini Chausiku halali tena kwenye samadari?"

Chausiku alikuwa paka wetu.

"Nyamaza," akasema Bibi.

"Mwache aseme," akasema Mama. "Analala wapi?"

"Stoo. Juu ya gunia la mchele. Kila siku pale pale."

Mama alinitazama kwa namna ambayo nimeitafuta kwa walimu wangu wote tangu siku ile, na ni wachache walionipa. Kisha akaanza kushuka ngazi.

"Khadija! Mzazi hashuki ngazi! Khadija!" Bibi akamfuata nyuma, kofi kwenye paja kila kipandio.

Stoo ilikuwa chini, pembeni mwa jiko. Ilikuwa na magunia, nazi, madumu, na masufuria makubwa ya shughuli yaliyopangwa moja ndani ya jingine. Dirisha lake lilikuwa dogo, juu kabisa, halina kioo. Chausiku alikuwa pale nilipomsema, amejikunja, ubavu umegusa ukuta. Mama akamsogeza kwa mguu, akaweka mgongo wa kiganja ukutani, vile anavyoniwekea mimi kwenye paji la uso nikisema naumwa. Akakaa hivyo muda. Akauhamisha mkono kushoto, akaurudisha.

Upande wa pili wa ukuta ule ndipo palipokuwa na meko ya Bibi. Jiko la gesi tulikuwa nalo, zuri, lenye kifuniko cha kioo, nalo lilipika chai tu, kwa sababu Bibi alisema wali wa gesi hunuka gesi. Vyungu vyote vilipanda mekoni, kwenye kuni, na moshi ukatokea uani. Na pale nyuma ya meko zamani palikuwa na mlango. Babu alikuwa ameuziba kwa mawe mepesi ya safu moja. Kote kwingine ukuta ulikuwa mnene kuliko urefu wa mkono wangu. Pale tu ndipo moto ulipopenya.

"Huku ndiko," akasema Mama.

"Ndiko nini?"

"Ndiko tutakakokaa."

"Stoo?"

"Stoo."

"Na nazi?"

"Na nazi, Mama."

Bibi akakaa juu ya dumu. Sijawahi kumwona mtu mzima aliyeishiwa nguvu namna ile. "Nitawaambia nini watu?" akasema, na hakuwa akimuuliza mtu yeyote.

Siku ile ile stoo ilifagiliwa, ikamwagiwa maji ya chumvi, ikakaushwa. Kitanda cha kamba kikaingia, kikasukumwa mpaka kikagusa ukuta. Dirisha la juu likaachwa wazi, Mama akasisitiza. Na moto wa mekoni ukawa hauzimwi. Baba alipata kazi anayoiweza. Kule godauni kulikuwa na mbao zilizovunjika, zile zinazowekwa chini ya mizigo, zimerundikwa kando zikisubiri kutupwa, na msimamizi wake akamwambia achukue atakazo. Alizileta kwa mkokoteni mpaka mdomo wa kichochoro, kisha tukazibeba. Mama alizinusa moja moja kama mnunuzi wa samaki. Iliyonuka rangi au mafuta ilirudishwa. Iliyopita, Baba aliing'oa misumari, akaikata, nami nikaipanga. Harufu ile ya Limuru ndiyo hiyo: ubao uliosafiri na shehena ya watu wengine duniani kote ukaja kuishia mekoni kwa Bi Rukia.

Ukuta ukapata joto. Haukuwaka, usidhani. Ulikuwa na joto la mkate uliotoka kwenye tanuri na kusahauliwa kidogo. Mama alikaa ameuegemea, Salim kifuani, na joto likaingia mgongoni mwake na kutoka kwake likaenda kwa mtoto. Kila mara alinyoosha mkono nyuma akaugusa kwa mgongo wa kiganja, na akasema, "Uko vizuri," au, "Umepungua, mwambie Bibi aongeze."

Mimi niliyajumlisha mambo haya kwa akili yangu ya darasa la pili. Mtu anayeguswa kwa mgongo wa kiganja ni mtu mwenye homa. Ukuta unaguswa hivyo mchana kutwa. Kwa hiyo ukuta una homa. Na kwa kuwa homa yake ndiyo inayompa ndugu yangu uhai, basi ukuta unaumwa kwa niaba yake, umejitolea, na hakuna hata mmoja katika nyumba ile aliyeona haja ya kuupa pole. Nilifikiri sana juu ya jambo hili. Niliona tumeufanyia ubaya.

Mama alipolala, niliingia na kitambaa cha maji. Nikaukanda ukuta kama alivyonikanda mimi, kuanzia juu kushuka chini. Kisha nikatoa ile dawa ya maji ya watoto, nyekundu, tamu, nikapima kijiko, na kwa kuwa sikuuona mdomo wake, nikaupaka kwenye ufa. Nikaupa kingine kwa sababu ulikuwa mkubwa.

Sisimizi walifika kabla ya magharibi. Bibi aliingia akawakuta wameshika mstari kutoka dirishani mpaka kwenye ufa, akapiga ukelele kuwa nyumba imeoza. Nikalazimika kueleza. Nilieleza kwa utaratibu, sababu ya kwanza, ya pili, ya tatu, kama nilivyoyajumlisha. Bibi alifunika mdomo kwa ncha ya leso. Mama alianza kucheka kimya, kwa mabega, halafu kwa sauti, mpaka Salim akawa anapanda na kushuka kifuani kama yuko juu ya wimbi. Sikuwa nimemsikia Mama akicheka tangu atoke hospitali. "Mwacheni," akasema, akijifuta machozi. "Hesabu yake imekosea tarakimu moja tu."

Ikawa nyumba ya stoo na jiko, na huko juu samadari ilibaki imetandikwa, haina mtu.

Halafu Shangazi Mwanakombo akatuma salamu kwamba anakuja.

Huyu ni dada wa Baba, anakaa Majengo, na ulimi wake ulikuwa ukijulikana huko Majengo na ng'ambo ya Likoni pia. Angekuja na wanawake wa kwao kumtazama mzazi. Kwetu jambo hili si dogo. Wanawake huja wakamtazama mzazi, wakamtazama mtoto, na macho yao yote mengine hutazama chumba. Wakitoka, nyumba imepewa jina au imenyang'anywa. Bibi alikuwa amekaa maisha yake yote akisubiri siku ya kumtandikia mtoto wake wa pekee mbele ya wakwe, maana nilipozaliwa mimi alikuwa Hija.

"Saa moja tu, Khadija," akasema. "Upande juu, ukae saa moja, ushuke."

"Juu kuna baridi, Mama."

"Nitafunga madirisha. Nitamfunika. Saa moja haimuui mtu."

"Mama."

"Mimi nimeomba nini katika nyumba hii?" akasema Bibi. "Seredani umeitoa, nikanyamaza. Umelala na nazi, nikanyamaza. Watu wa mumeo wanakuja, waje wakukute kwenye magunia? Watasema Bi Rukia amemtupa mwanawe."

Mama akakubali. Leo nikiwa na umri unaokaribia ule wa Mama siku ile, naelewa kwamba hakushindwa kwa hoja. Kuna kitu ambacho unaweza kumnyima mama yako mara mbili, na mara ya tatu huwezi.

Walikuja alasiri, mvua ikinyesha, wakatikisa mabuibui mlangoni. "Hodi wenyewe!" "Karibuni, karibuni, piteni juu." Chumba kilikuwa hakina mfano. Udi ulifuka kwenye chetezo, asumini ilikuwa mpya, Mama alikaa katikati ya mito amepakwa hina na wanja. Wanawake walijaa kwenye busati. Halua ikapita, kahawa ikapita.

"Mashallah, Bi Rukia," akasema Shangazi Mwanakombo, akizungusha macho toka pembe hadi pembe. "Mashallah. Hiki ni chumba cha bibi harusi. Wifi yangu yuwakaa kama malkia, na sisi tuliomleta mume tulale kwenye mikeka."

Wakacheka. Bibi alikuwa akimimina kahawa, na nikaona shingo yake imenyooka. Ndilo neno alilolisubiri.

"Nipe huyo mtoto tumwone," akasema Shangazi. "Lo! Huyu ni mtoto au ni kijiko? Kaka yangu hana nguvu."

Salim akatoka kifuani kwa Mama. Shangazi akampa wa pili, wa pili akampa wa tatu. Kila mmoja alimfunua amtazame, akamtilia dua, akampitisha. Macho ya Mama yalimfuata mkono hadi mkono. Mimi nilikaa miguuni pake na nikahisi vidole vyake vimenishika bega, vinakaza. Alikuwa amekubali.

Mtoto alipofika kwa Bibi, Bibi alimpokea huku bado akizungumza, akieleza shuka zile alizitoa wapi. Mkono wake mmoja uliingia ndani ya nguo, ukashika miguu. Akaacha kuzungumza.

Wanawake waliendelea. Mmoja alikuwa akiuliza bei ya mito. Bibi alisimama katikati ya chumba chake, kizuri kuliko vyote alivyowahi kutandika, nyayo zote mbili za mjukuu wake zimeenea ndani ya ngumi yake. Sikumwona akifikiri. Niliona tu uso wake umeondoka kwenye shughuli ukaja kwa mtoto.

"Wageni," akasema, "inukeni."

Wakageuza vichwa.

"Tunakwenda chini."

"Chini wapi, Bi Rukia?" akauliza Shangazi.

"Stoo. Ndiko anakokaa mzazi. Huku nimewaleta kwa ajili ya macho yenu, na mtoto amepata baridi."

Shangazi Mwanakombo akaweka kikombe chini polepole. "Stoo? Mke wa kakangu mumemtia stoo, pamoja na magunia? Bi Rukia, kwetu hata mbuzi akizaa hutafutiwa mahali!"

"Mbuzi wenu hajazaa mtoto kama huyu," akasema Bibi, naye yuko mlangoni tayari. "Inuka, Mwanakombo. Na huo mto unaoegemea uje nao."

Wakashuka. Msafara mzima wa mabuibui, manukato na mito ya hariri ukateremka ngazi zetu nyembamba, Mama mbele, Bibi nyuma yake na mtoto. Stoo ikajaa. Mama akakaa mahali pake, akafungua nguo, Bibi akamlaza Salim kifuani pake na kuwafunika wote wawili. Mama akauegemea ukuta. Akaweka mgongo wa kiganja. "Umepoa," akasema.

Kwa kuwa Bibi alikuwa juu na wageni, hakuna aliyetia kuni.

"Nani mjuzi wa kuwasha?" akauliza Bibi, ameishika miguu ile na hawezi kuiacha.

Wanawake wakatazamana, hina na dhahabu. Shangazi Mwanakombo akavuta pumzi, akavua buibui, akanitupia mimi. "Zile kuni ziko wapi?" Nikamwongoza jikoni. Alipiga magoti mbele ya meko na gauni lake la hariri, akachokoa majivu mpaka akalipata kaa moja jekundu, akalipangia vijiti juu yake na kulipuliza kwa mdomo kana kwamba analitukana. Na kweli alikuwa akilitukana, kati ya pumzi na pumzi. Moto ulipopanda alitia mbao mbili kubwa, akaongeza ya tatu. Tulirudi ana majivu kwenye nyusi.

"Tayari," akasema. "Sasa tungoje."

Tukangoja. Nimeshasubiri matokeo ya mitihani na barua za kazi, na sijawahi kungoja kitu kama nilivyoungoja ukuta ule. Wanawake walikaa juu ya magunia na madumu, bega kwa bega. Hakuna aliyetoka. Joto lilipoanza kuingia, wanja ulianza kuwashuka mashavuni, manukato yakachanganyika na nazi na moshi, na mmoja mmoja wakavua mabuibui wakayapakata. Waliacha kuzungumza juu ya mito. Mmoja alisimulia mtoto wake aliyekuja kabla ya wakati, ambaye hakukaa. Hakulia alipokuwa akisimulia. Alikuwa akimtazama Salim.

Bibi hakuondoa mkono. Baadaye, baada ya muda mrefu, akainua uso.

"Guseni," akasema.

Wakainama mmoja mmoja wakaigusa ile miguu. Mimi nikawa wa mwisho. Ilikuwa na joto, na kidole kimoja kikanipiga teke.

Nimeliuliza jambo hili kwa watu wanaojua. Daktari mmoja rafiki yangu amenieleza kwamba kifua cha Mama huenda ndicho kilichofanya kazi kubwa kuliko yote, na kwamba ukuta ulimsaidia zaidi yeye Mama, asitetemeke. Huenda. Aliniuliza pia kama tulipima joto, nami nikamwambia tulipima kwa mgongo wa kiganja. Sina haja ya kudai kwamba Bibi alikuwa sawa juu ya seredani, hakuwa sawa. Sina haja hata ya kudai kwamba ukuta ulimwokoa mtoto. Ninachojivunia ni kitu nilichokiona kwa macho yangu. Mtu mzima mwenye jina, mbele ya watu aliowaogopa kuliko wote, aliligeuza neno lake mwenyewe bila kutafuta kisingizio, kwa sababu miguu ya mtoto ilimwambia jambo jingine. Nimesoma chuo kikuu nikitafuta watu wa namna hiyo.

Habari zilienea mtaani kabla mvua haijakatika. Kesho yake Bibi aliulizwa dukani, "Bi Rukia, ati mzazi mumemweka wapi?" naye akajibu kwa sauti ya kufika kona, "Stoo! Ukija kumwona, njoo na ukuni." Na wakaja. Sijui kama walidhani ni amri au ni mzaha. Alasiri baada ya alasiri mlango ulibishwa, akaingia mwanamke anayenukia asumini, akafungua buibui, na pale ambapo wengine hubeba zawadi ya mtoto, akatoa ukuni mkavu aliouficha mvua isiupate. Rundo lilipita dirisha. Baba alisema sasa anaweza kuacha kazi Shimanzi.

Salim alianza kulia kama watoto wengine, na kisha kuliko watoto wengine. Kliniki walimweka kwenye mizani wakamsifu. Mvua zikaisha, mawe yakakauka, na asubuhi moja Mama alisema moto upike tu.

Arobaini ilifanyika juu, kwenye chumba kile kile, na safari hii madirisha yalikuwa wazi na jua limeingia mpaka kwenye samadari. Mama alikaa katikati ya mito, Salim mapajani ana mashavu. Lakini Bibi alipata taabu ya namna mpya. Wageni hawakukaa juu. Walipanda, wakamtazama mzazi, wakatia dua, kisha wakaponyoka mmoja mmoja kwenda chini kuuona ukuta. Mwishowe Bibi alinipa mimi sinia la halua nimfuate nalo, akaenda kusimama kwenye mlango wa stoo na kuwaonyesha. "Hapa ndipo mgongo ulipokuwa. Hapa mlango wa zamani. Gusa, gusa, usiogope." Ukuta ulikuwa baridi tayari. Waliugusa hivyo hivyo, wakatikisa vichwa.

Shangazi Mwanakombo alikuwa amekwisha kujitwalia nafasi ndani, kwenye gunia la mchele, amezungukwa.

"Mimi nilimwambia Bi Rukia toka nilipoingia," alikuwa akisema. "Nikamwambia, huko juu mutamuua mtoto. Mteremsheni! Tena mimi mwenyewe nikavua buibui..."

Niliinua kichwa. "Lakini Shangazi," nikaanza, "wewe ulisema hata mbuzi..."

Bibi hakunitazama. Alinyoosha mkono, akamega pande la halua kwenye sinia nililolishika, akanitia kinywani lote. Lilikuwa kubwa, la moto bado, limejaa iliki. Nikatafuna, nikanyamaza, huku Shangazi akiendelea kuokoa maisha ya ndugu yangu.